Orodha ya Majarida Thelathini na Nane

Barua ya mchapishaji iliingia kwenye kompyuta Jumanne saa nne asubuhi. Ilipofika saa nne na robo, Bi Kifungu alishakata shauri kwamba kuna mtu amewauza.

Hilo la Kifungu si jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa na wakutubi wenzake, kwa sababu mkataba haukuwahi kupita mikononi mwake bila kuchambuliwa kifungu kwa kifungu, koma kwa koma, kama mtu anayechagua mchele. Alikuwa mkutubi mkuu wa chuo kikuu, na mwenyekiti wa kamati iliyojadiliana na wachapishaji kwa niaba ya maktaba za vyuo sita. Jina lile alilipenda kuliko cheo. Na tusifichane: alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsifia, anajiuliza unataka nini. Ukimletea kiti, anakitikisa kwanza ndipo akae.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mchapishaji alikuwa na majarida ya kitaaluma mia nne na kumi na mawili, na kwa miaka tisa aliyauza kwa fungu moja: chukua yote au kosa yote. Mwaka huu vyuo vilichoka. Vilitaka kuchagua. Nguvu ya kamati ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba mchapishaji asijue ni majarida yapi ambayo vyuo haviwezi kuyakosa hata siku moja. Akiyajua atayatenga, atayapandisha bei apendavyo, na yaliyobaki atawamwagia kama makapi. Kwa hiyo orodha ya majarida ya lazima, thelathini na nane kwa hesabu, ilikuwa siri ya watu watatu: Bi Kifungu mwenyewe, shemeji yake, na mwanasheria wa chuo.

Barua ilisema, kwa adabu zote, kwamba mchapishaji ameridhia ombi la vyuo. Wachague watakavyo. Isipokuwa majarida yafuatayo, ambayo yatauzwa nje ya fungu. Bi Kifungu alitoa orodha yake kwenye droo iliyofungwa kwa ufunguo, akaiweka pembeni mwa kioo cha kompyuta, akaanza kutia alama. Moja, lipo. Mbili, lipo. Tatu, lipo. Alipomaliza, majarida thelathini na sita kati ya thelathini na nane yalikuwa yametengwa kana kwamba mchapishaji ameichungulia droo yake.

"Hii si bahati," akasema peke yake. "Bahati haina macho makali hivi."

Mkataba wa zamani ulikuwa unaisha baada ya wiki saba. Siku hiyo ikipita bila mkataba mpya, mwanafunzi atabonyeza jarida na kukuta ukurasa mtupu. Lakini si hilo lililomnyima raha siku ile. Alikuwa anajiuliza nani, na jibu lilikuwa limeshaanza kumjia, naye hakulipenda hata kidogo.

Mwanasheria alikuwa mama mnene mwenye kicheko kikubwa, asiyejua tofauti ya jarida na kalenda ya ukutani. Yeye kazi yake lugha ya mkataba, basi. Shemeji alikuwa habari nyingine. Alimwoa mdogo wake Bi Kifungu miaka ishirini na miwili iliyopita, na alikuwa mkutubi mkuu wa chuo cha udaktari na mjumbe wa kamati. Mtu mpole, wa maneno machache, mwenye ugonjwa wa takwimu: ukimwambia mvua imenyesha atakuuliza milimita ngapi. Majarida yale aliyajua moja moja. Na mwezi uliopita binti yake alipata nafasi ya mafunzo kazini. Wapi? Ofisini kwa wakala wa mchapishaji.

Tena kulikuwa na lile la mgahawani. Bi Kifungu alikuwa akivuka barabara kwenda benki alipowaona kupitia kioo, shemeji na wakala, wamekaa meza ya pembeni, vikombe viwili mbele yao. Wakala alikuwa kijana mtanashati, sauti laini, mtu wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa huku ukimshukuru. Jioni ile alimpigia shemeji simu.

"Nimekuona na wakala."

"Ndiyo, shemeji. Alikuwa ananieleza maendeleo ya binti."

"Maendeleo tu?"

"Na mengine nini?"

Bi Kifungu akaaga. Kwake yeye, mtu akijibu swali kwa swali ameshakiri nusu.

Akaamua kutega. Aliandaa orodha mbili mpya zinazofanana, akamwambia kila mmoja kwamba ameongeza jarida moja la dharura. Kwenye orodha ya mwanasheria alichomeka jarida la ujenzi wa madaraja. Kwenye ya shemeji, namba ishirini na tisa, alichomeka jarida la magonjwa ya samaki. Mawili hayo hakuna aliyeyahitaji. Likitokea daraja, mwizi ni mwanasheria. Wakitokea samaki, basi.

Mwanasheria aliipokea orodha akajibu kwa neno moja: "Sawa." Shemeji alijibu kesho yake, na jibu lake lilimfanya Bi Kifungu akae wima.

"Shemeji, naomba takwimu za usomaji wa namba ishirini na tisa. Mwezi kwa mwezi, miaka miwili, na kila chuo peke yake."

Ananusa mtego, akawaza. Anataka kuona kama samaki ni wa kweli. Basi akahangaika kuwafanya wa kweli. Takwimu za usomaji zilikuwa kwenye ukurasa wa usimamizi wa mchapishaji, ambao mkutubi mkuu huingia kwa nywila yake. Mtu mwingine angepakua jedwali zima la mwaka na kumaliza, lakini Bi Kifungu hakuwahi kuamini jumla iliyojumlishwa na mtu mwingine. Yeye alikuwa akifungua jarida moja moja, mwezi mmoja mmoja, na kunakili kwa mkono kwenye daftari. Ndivyo alivyofanya alipoandaa orodha, na ndivyo alivyofanya kwa samaki. Siku ya kwanza alipata wasomaji kumi na mmoja tu. Akarudi siku ya pili, akatafuta kwa vyuo vyote sita. Akarudi ya tatu. Mwishowe akakuta chuo cha kilimo kuna mhadhiri mmoja anayelisoma kila toleo, akashangilia kama aliyeokota lulu, akampelekea shemeji: "Kilimo wanalitegemea sana."

Shemeji akajibu: "Ahsante. Nimeelewa."

Siku tisa baadaye wakala alileta pendekezo la pili, mwenyewe kwa miguu yake, ndani ya jalada la bluu. Majarida yaliyotengwa yalikuwa yameongezeka moja. Bi Kifungu alipitisha kidole mpaka chini, na hapo chini wakamkodolea macho: magonjwa ya samaki. Daraja halikuwepo.

"Hili nalo mmelitenga kwa nini?" akauliza, kidole bado kiko juu ya samaki.

"Mama, sisi tunawajua wateja wetu," wakala akasema, akatabasamu mpaka magego. "Tunajua mnachokipenda kabla hamjatuambia."

Kesho yake alimwita shemeji ofisini. Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa masanduku ya majarida ya zamani yaliyosubiri kujalidiwa, na feni ilikuwa inazunguka kwa kulalamika. Hakumpa kiti.

"Samaki wamefikaje kwa wakala?"

"Samaki gani, shemeji?"

"Leo umeamua kuvaa miwani ya mbao? Namba ishirini na tisa. Orodha ile uliiona wewe peke yako."

Shemeji alimtazama. Uso wake ulikuwa umepauka. "Unaniuliza, au umeshanihukumu?"

"Nakuuliza."

"Si mimi."

"Basi ni nani?"

"Hilo sijui. Ninachojua ni kwamba si mimi." Akaegemea sanduku moja. "Miaka ishirini na miwili nakula mezani kwako."

"Ndiyo maana inauma," Bi Kifungu akasema, na ilimuuma kweli.

Alipobaki peke yake aliandika barua kwa mkuu wa chuo cha udaktari. Aliiandika vizuri, kama alivyoandika kila kitu, yenye vifungu na tarehe na ushahidi wa samaki. Haikupita wiki, shemeji alitolewa kwenye kamati. Haikutosha: ofisi yake akapewa msaidizi wake ashikilie mpaka uchunguzi uishe, yeye akapelekwa ghala la chini kupanga majarida yaliyojalidiwa. Binti naye akaachishwa mafunzo, maana wakala hakutaka kelele karibu na jina lake.

Mdogo wake alipiga simu mara moja tu.

"Dada, umeandika barua kwa mkuu wa chuo kabla hujaniambia mimi?"

"Hii ni kazi, mdogo wangu. Ningefanyaje?"

"Kazi yako imeingia mpaka chumbani kwangu. Mume wangu halali." Simu ikakatwa.

Bi Kifungu aliweka simu mezani akajiambia kwamba amefanya haki. Mtu mwenye haki hujisikia mwepesi, lakini yeye alijisikia kama amemeza jiwe. Akapiga moyo konde, akarudi kwenye kazi.

Sasa walikuwa wamebaki wawili. Alibadilisha orodha: akatoa majarida matano, akaingiza matano mengine, baada ya kupitia takwimu zake jarida moja moja, mwezi mmoja mmoja, kama kawaida yake. Barua pepe hakuiamini tena. Aliandika orodha kwa mkono, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi na kuweka sahihi yake juu ya mfuniko, akampelekea mwanasheria mkononi.

Pendekezo la tatu lilipokuja, yale matano yaliyotolewa yalikuwa yameachiliwa. Matano mapya yalikuwa yametengwa. Yote matano.

Alipanda ngazi za jengo la utawala bila kupumzika. Mwanasheria alikuwa anakula karanga juu ya rundo la mafaili.

"Na wewe?" Bi Kifungu akasema mlangoni, akihema. "Hata wewe?"

"Hata mimi nini? Kaa kwanza, utaanguka."

"Orodha ya bahasha. Imevuja. Tulikuwa wawili tu!"

Mwanasheria alifuta mikono, akavuta droo, akatoa bahasha. Akaiweka mezani. Gundi ilikuwa haijabanduliwa. Sahihi ya Bi Kifungu ilikuwa imelala juu ya mfuniko vilevile, haina hata mkunjo.

"Sijaifungua," akasema. "Nilipoona ulivyomfanya shemeji yako, nikajua ikivuja tena nitafuatia mimi. Nikaona heri nisiisome kabisa." Hakucheka. "Mwenyekiti, hii orodha imesomwa na mtu mmoja tu hapa duniani, na mtu huyo amesimama mbele yangu."

Bi Kifungu alirudi ofisini kwake polepole. Njiani alisalimiwa na watu wawili, hakuitika. Akaketi, akafungua ukurasa wa usimamizi wa mchapishaji bila sababu, kwa mazoea tu ya mikono. Ukurasa ukamkaribisha kwa jina. Akauteremsha mpaka chini, mahali ambapo hakuwahi kufika kwa sababu takwimu zote zilikuwa juu. Huko chini kulikuwa na kisanduku cha kijivu chenye maandishi madogo: Majarida uliyoyatazama hivi karibuni.

Yalikuwepo. Yale matano mapya juu kabisa, kwa mpangilio uleule aliouandika kwenye bahasha. Chini yake yale ya zamani, bila yale matano aliyoyatoa, ambayo hakuyafungua tena. Katikati, magonjwa ya samaki, na pembeni yake idadi ya mara alizolifungua: ishirini na tatu. Jarida la madaraja halikuwepo, maana mwanasheria hakuwa mtu wa kuuliza takwimu, naye Bi Kifungu hakupata haja ya kulifungua. Na yale mawili yaliyoponyoka mara ya kwanza? Hayo aliyajua kwa kichwa tangu ujana wake. Hakuwahi kutafuta takwimu zake.

Akautoa mkataba wa zamani kabatini. Kurasa sitini na mbili, kila ukurasa una herufi za jina lake chini kuliani. Kifungu cha kumi na nne, aya ya tatu: mchapishaji ataweza kutumia taarifa za matumizi ya ukurasa wa usimamizi ili kuboresha huduma na mapendekezo yake kwa mteja. Pembeni kulikuwa na alama ya tiki ya kalamu nyekundu. Alikuwa amekisoma. Alikuwa amekisoma akaona ni maneno ya kawaida, akageuza ukurasa akapigane na kifungu cha kumi na tano.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alifunika uso kwa mikono, akalia, mtu mzima, na mlango uko wazi.

Lakini Bi Kifungu, pamoja na kasoro zake zote, hakuwa mwoga. Siku hiyohiyo aliandika barua kwa wakuu wa vyuo vyote sita. Hakuifunika kwa maneno. Aliyevujisha orodha ni mimi, aliandika, bila kujua, kwa kuifungua orodha karibu nzima mbele ya mchapishaji mwenyewe. Mtu niliyemtuhumu hana hatia yoyote. Naomba arudishiwe ofisi yake leo, na mimi naachia uenyekiti. Akatia sahihi, akapeleka, akabaki na nakala moja.

Jumamosi alasiri alibisha hodi nyumbani kwa mdogo wake. Mdogo wake alifungua, akamtazama, akasogea pembeni ampishe bila kusema karibu. Shemeji alikuwa sebuleni, amekaa kwenye kiti kirefu, miguu peku, gazeti limelala mapajani.

"Shemeji," Bi Kifungu akasema. Alikuwa amejiandalia hotuba, yote ikayeyuka. Akampa nakala ya barua.

Shemeji aliisoma taratibu. Akaisoma tena. Alipofika kwenye samaki mara ya pili aliguna.

"Mara ishirini na tatu?"

"Ishirini na tatu. Wewe ndiye uliyetaka takwimu, nami nikaona ukizikosa utaushtukia mtego. Nikafungua, nikafunga, nikafungua."

"Mtego niliuona siku ya kwanza," shemeji akasema. "Si kwamba niliujua ni mtego. Niliona jarida la samaki halina kazi kwetu, nikadhani umekosea kwa uchovu. Nikasema nikikuambia moja kwa moja utafedheheka mbele ya mwanasheria. Nikikuomba takwimu utaziona mwenyewe, utalifuta kimyakimya. Ulipojibu kwamba kilimo wanalitegemea, nikasema haya, yeye ndiye mwenyekiti."

Bi Kifungu alikaa ukingoni mwa kiti akitazama miguu yake, na machozi yakamdondokea magotini. Mtu huyu alikuwa anamsitiri, na yeye alikuwa anamchimbia shimo, siku zilezile, kwa samaki walewale.

"Nisamehe, shemeji. Nimekukosea vibaya. Sina namna nyingine ya kusema."

Shemeji alikunja barua mara mbili. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Wakala anajua kwamba umejua?"

"Hajui."

"Basi asijue. Kuanzia Jumatatu ingia kwenye ule ukurasa ufungue majarida tusiyoyataka. Hayo ya madaraja, ya mawe, ya nyota, yoyote. Yafungue moja moja, mwezi mmoja mmoja, kama unavyopenda. Yale thelathini na nane usiyaguse tena. Mwache ayatenge anayoyaona."

Niseme hapahapa ili msomaji asibaki na dukuduku: ndivyo walivyofanya, na mchapishaji akameza. Wiki tatu baadaye alitenga majarida arobaini ambayo hakuna mtu katika vyuo sita aliyekuwa akiyasoma, akayaacha ya lazima yote ndani ya fungu, na mkataba ukatiwa sahihi siku nne kabla ya ule wa zamani kwisha. Kifungu cha kumi na nne kilifutwa pia. Wakala alikuja kupokea nakala yake bila tabasamu.

Lakini siku ile sebuleni hayo yalikuwa bado. Bi Kifungu aliposikia mpango huo moyo ulimchangamka. Alimwona shemeji wake wa siku zote, yule wa kupiga hesabu, akadhani limekwisha. Akafuta macho, akacheka kidogo.

"Basi utarudi kwenye kamati? Kiti nimekiacha, kikalie wewe."

"Nitarudi," shemeji akasema. "Kuna wanafunzi kule. Kazini tutakutana Jumatatu saa mbili, na hutasikia neno baya kutoka kwangu." Akasimama. Sauti yake ilikuwa ya upole kama kawaida. "Lakini hapa kwangu, shemeji, usije kwanza. Binti yangu ameniuliza kama ni kweli baba yake ni mwizi, na aliyemfanya aulize ni Mama Mkubwa wake. Sijui nitamwambia nini akikuona umekaa hapo."

Bi Kifungu aligeuka kumtazama mdogo wake. Tangu utotoni, wakigombana na watu, mdogo wake ndiye aliyekuwa akiingilia kati na kusema basi, yaishe. Alimsubiri aseme.

Mdogo wake aliuchukua mkoba wa dada yake pale juu ya kiti, akampa mkononi, akaenda kumfungulia mlango.